Anasoma kitabu kizima, penseli inamshinda: tumnunulie mtaala wa darasa gani?

Swali: Mwanangu ana miaka minne na nusu. Kabla hatujaanza kumfundisha tulishtukia anasoma mwenyewe vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na hata vya Kiingereza. Tumeamua kumsomesha nyumbani mpaka afike miaka saba hivi. Mitaala ya umri wake inamrudisha kwenye a, e, i, o, u, na anachoka mara moja. Ya darasa la pili anaisoma bila shida, lakini inamtaka aandike aya nzima na penseli bado inamshinda, basi inaishia kilio. Halafu nyingi kati ya zile zinazosifiwa zina mafundisho ya dini kila somo, hata kwenye hesabu. Dini tunamfundisha wenyewe. Tunataka mtaala ambao sayansi ni sayansi tu. Ninunue wa darasa gani, na nitajuaje kwamba kweli haufungamani na dini? Mama Pendo.

Jibu:

Mama Pendo, usinunue mtaala wa darasa lolote. Kifurushi kizima kinachouzwa kwa jina la darasa kimetungwa kwa mtoto ambaye kusoma kwake, mkono wake, hesabu zake na subira yake ya kukaa kitini vimefika hatua moja. Mtoto wa namna hiyo ni adimu kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini, na wako waziwazi siye. Macho yake yako darasa la pili, vidole viko chekechea, na hesabu hujaniambia ziko wapi. Mchagulie kila somo peke yake, kwa kiwango chake, na uwe tayari kuona namba tofauti kwenye majalada ya vitabu vilivyo juu ya meza moja.

Niseme pia kwamba mtoto kama huyu si muujiza, wala hajawahishwa na mtu. Mwaka 1966 Dolores Durkin, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto walioingia darasa la kwanza wakiwa tayari wanajua kusoma. Vipimo vya akili vya watoto hao vilitofautiana mno, kuanzia wa kawaida kabisa hadi wa juu sana. Kilichojirudia ni mambo ya nyumbani: mtu wa kuwasomea, mtu wa kuwajibu kila walipouliza “hapa pameandikwa nini?”, na karatasi za kuchorachora zisizokatazwa. Nadhani ukitazama nyuma utaona hivyo vyote vilikuwepo kwenu. Hayo ndiyo yaliyomfikisha hapo alipo, kwa hiyo mtaala wowote utakaokula muda wa hayo utakuwa umekupunguzia.

Kabla ya kununua chochote, mpime. Sizungumzii mtihani wa kukaa na kutoka jasho, ni mchezo wa jioni mbili tatu. Sababu yake ni hii. Philip Gough na William Tunmer, watafiti wa kusoma, walipendekeza mwaka 1986 kwamba kuelewa kile unachosoma ni zao la vitu viwili: kuyatamka maandishi, na kuielewa lugha yenyewe. Walisema zao, yaani kuzidisha, hawakusema jumla. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto anayesoma mapema huwa ana kimoja kikubwa sana, na sisi wazazi kwa furaha tunadhani na cha pili kimekwenda sambamba.

Kwa Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi. Maandishi yetu hayana hila: irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi zinafuatana kwa utaratibu. Mtoto akishashika ba, be, bi na akajua ng' si ng, anaweza kukusomea tangazo la mnada au ukurasa wa katiba bila kuyumba na asiambulie kitu. Kiingereza ni habari nyingine. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa darasa la kwanza, wale wa lugha zenye tahajia nyoofu kama Kifini na Kigiriki walisoma karibu kila neno waliloonyeshwa, huku wale wa Kiingereza wakisoma kama theluthi moja. Kwa hiyo mtoto anayesoma Kiingereza akiwa na miaka minne huenda amezishika kanuni za herufi na sauti, au huenda ameyahifadhi maneno mengi kwa sura zake. Ukimsikiliza akisoma kitabu alichokizoea, huwezi kutofautisha.

Njia ya kutofautisha ni maneno ya uongo. Mwandikie kwa herufi kubwa kubwa maneno yasiyokuwepo, mwambie ni majina ya wanyama wa kubuni: chambwiko, ng'wefu, nyashupo. Kwa Kiingereza mpe thrisk, plome, jave. Akiyatamka bila kusita, mlango wa sauti umefunguka na huhitaji kumnunulia programu yoyote ya kufundisha kusoma. Akiyageuza kuwa maneno anayoyajua, kwa mfano akisema plane badala ya plome, kuna matundu. Matundu hayo yanazibwa kwa wiki chache za somo fupi la sauti za herufi, ukipita haraka anapopajua na kusimama pale tu anapokwama. Usimrudishe mwanzo kwa sababu ya tundu moja.

Kipimo cha pili ni cha ufahamu. Mwandikie sentensi mbili: “Babu alikunja mwavuli, akaingia ndani. Zulia likaloa.” Aisome mwenyewe, kisha muulize: nje kulikuwaje? Kuna watoto watakaosoma sentensi hizo vizuri kama mtangazaji wa redio, halafu wakujibu “sijui, haijaandikwa.” Wana haki, haijaandikwa. Ila kusoma kwa kweli kunaanzia hapo, kwenye kile ambacho mwandishi amekiacha msomaji akijazie mwenyewe. Mtoto wa miaka minne na nusu asipojibu si jambo la kutisha. Ni habari tu kwamba kazi yenu ya mwaka huu ni mazungumzo, na kwamba kumpandisha kwenye vitabu vigumu zaidi hakutamsaidia.

Cha tatu: chagua hadithi mbili ngeni zenye urefu sawa. Moja msomee wewe, nyingine asome yeye, na kila moja akusimulie kwa maneno yake. Akisimulia vizuri uliyomsomea na vibaya aliyojisomea, bado nguvu zake zinaishia kwenye kutamka, basi mpe vitabu vyepesi zaidi kwa muda. Zote mbili zikisimuliwa vizuri, mshukuru Mungu na uendelee. Zikiwa mbovu zote mbili, na zaidi ya hapo ukaona kwamba katika mazungumzo ya kawaida anarudia maneno yako badala ya kukujibu, hatafuti watoto wenzake, au anapendelea kusoma maandishi ya pakiti na mabango kuliko kucheza, mpeleke kwa mtaalamu wa lugha na makuzi ya watoto. Hali ya kutamka maandishi kwa ustadi uliozidi sana uelewa ina jina tangu 1967, haipaleksia, na mara nyingine huambatana na usonji. Watoto wengi wanaosoma mapema hawana hali hiyo. Nimeitaja kwa sababu ustadi wa kusoma humpa mtu sababu ya kupuuza dalili ambazo kwa mtoto mwingine angezishughulikia mapema.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe.

Kilio cha penseli ndicho kitu cha kwanza cha kuondoa, na kinaondoka kirahisi. Kutunga na kuandika kwa mkono ni stadi mbili. Shule imezifunga pamoja kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kuandikia watoto arobaini kile wanachosema. Wewe una mmoja. Mwache aseme, wewe andika, kisha asome alichotunga. Maria Montessori, mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo huko Roma mwaka 1907, alilitatua jambo hili kwa herufi za kuhamishika: kisanduku cha herufi zilizokatwa, mtoto anazipanga sakafuni kuunda maneno miezi mingi kabla mkono haujaweza kuyaandika. Unaweza kuzikata mwenyewe kwenye kadibodi, irabu za rangi moja na konsonanti za rangi nyingine, na uzidishe idadi ya a maana Kiswahili kinaimaliza haraka. Na mkono? Mkono unajengwa na mkasi, udongo wa kufinyanga, shanga, vibanio vya nguo, na kuchora ukutani kwa chaki akiwa amesimama. Mwandiko wenyewe dakika tano kwa siku, herufi tatu zilizoandikwa vizuri zinatosha. Mtaala wowote wa mwandiko wa chekechea utafaa. Hapa usijisumbue kutafuta ulio bora.

Kwa kusoma, kama maneno ya uongo hayakumshinda, usinunue kitu. Nasema hivyo nikijua vifurushi vya kusoma ndivyo vinavyotangazwa kuliko vyote. Anachohitaji ni vitabu vingi, na vingi viko bure. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi zilizopangwa kwa viwango, Kiswahili kikiwamo, na leseni zake zinakuruhusu kupakua na kuchapa bila kumwomba mtu ruhusa. Kagua ubora kabla ya kuchapa: baadhi ni tafsiri za kujitolea, utakuta sentensi zinazochechemea. Mimi hupendelea kuzisoma kwa sauti kwanza, na nikijikwaa mara mbili katika ukurasa mmoja naiacha.

Tahadhari moja kuhusu vitabu. Kwa kuwa anaweza kusoma maandishi ya mtoto wa miaka tisa haina maana ana kifua cha miaka tisa. Hadithi za umri huo zina mama anayekufa ukurasa wa kwanza, watoto wanaosalitiana, na vitisho vya usiku ambavyo yeye bado hajapata pa kuviweka. Hapo ndipo vitabu vya maarifa vinapokuja kuokoa: kitabu kuhusu volkano, mchwa, au jinsi meli inavyoelea kinaweza kuwa na msamiati mgumu kadiri unavyotaka bila kumpokonya usingizi.

Na hapo ndipo ningeweka fedha na nguvu zote: kwenye maarifa. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi maelezo ya mechi ya besiboli wayasome. Baadhi walikuwa wasomaji wazuri, wengine dhaifu. Baadhi waliujua mchezo huo, wengine hawakuujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliyaelewa maelezo na kuyakumbuka kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Mtoto wako ana ufunguo, sasa anahitaji vitu vya kukuta ndani ya vyumba: miamba, mito, damu inavyozunguka, wafalme wa zamani, ramani, sayari. Akifika miaka tisa au kumi, vitabu vitaacha kuwa vya hadithi za sungura na vitaanza kudhania kwamba msomaji anajua jangwa ni nini na bunge ni nini. Wakati huo aliyesoma mapema lakini akalishwa hadithi nyepesi peke yake hupitwa na aliyechelewa kusoma lakini akazungumziwa mengi.

Katika mitaala ninayoijua, ule ninaoupendekeza kwa hali yako hasa ni wa Core Knowledge, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1986 na E. D. Hirsch. Sababu ya kwanza, vitabu vyake vinapakuliwa bure. Ya pili, na hii ndiyo kubwa, katika madarasa ya mwanzo somo la lugha limegawanywa mikondo miwili inayokwenda kila mmoja kivyake: mmoja wa stadi za kusoma na kuandika, mwingine wa maarifa ambao mtu mzima anasoma kwa sauti na mtoto anasikiliza, anauliza, anajibu. Unaweza kuuacha mkondo wa stadi kabisa na kuchukua wa maarifa wa chekechea au darasa la kwanza. Kasoro zake ni mbili. Umeandikwa kwa ajili ya darasa lenye watoto wengi, kwa hiyo kiongozi cha mwalimu ni kirefu na utaruka nusu yake bila hasara. Na sehemu za historia zimejaa mambo ya Marekani. Hizo ziruke, weka historia ya kwenu mahali pake. Kama unataka masomo yaende kwa Kiswahili, soma mada wewe kwanza usiku, kesho msimulie kwa Kiswahili ukimwonyesha picha za kitabu. Ni kazi, sikufichi, lakini ni dakika ishirini za kujiandaa, na utagundua mambo ambayo hata wewe hukuwahi kufundishwa.

Hesabu sina mengi. Wachapishaji wengi hutoa bure mtihani wa kupima kiwango. Mpe, ukimsomea maswali ili kusoma kusiingilie, na uanzie pale anapoanza kukosea. Chagua mtaala unaoanza na vitu vya kushika kabla ya alama za kuandika, na usimpandishe kwa sababu tu anaweza kuyasoma mafumbo ya darasa la juu. Kuyasoma na kuyafumbua ni mambo mawili.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo naona wengi hulijibu kwa haraka mno.

Mitaala ya kusomeshea nyumbani ina makundi matatu, na watu hudhani ni mawili. Lipo la dini waziwazi. Hilo halina tatizo kwa mtu kama wewe, maana linajitambulisha kwenye jalada. Lipo la kisekula hasa, linalofundisha sayansi na historia kama wanasayansi na wanahistoria wanavyozieleza. Katikati ndipo pana mtego: mitaala inayojiita isiyoegemea upande wowote. Hiyo haina sala wala aya ya kitabu kitakatifu, ila imeondoa kila kinachoweza kumkwaza mnunuzi wa upande wowote. Umri wa dunia haumo. Namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi haimo. Mzazi anakagua, haoni sala, analipa. Baadaye anagundua mtoto anajua majina ya dinosaria ishirini na hajawahi kuambiwa waliishi lini.

Kwa hiyo usikague kilichomo peke yake, kagua na kisichokuwemo. Karibu kila mchapishaji anaweka kurasa za sampuli, asiyeweka, mwache. Fungua mada ya dinosaria. Inatakiwa iseme kwamba walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, na iliyo nzuri zaidi itaongeza kwamba ndege ni ukoo wao uliobaki. “Hapo zamani za kale” ni jibu la ngano. Fungua mada ya dunia: miaka bilioni 4.5 imetajwa? Fungua historia uone inaanzia wapi. Ikianza na wakulima wa kwanza au na ustaarabu wa mtoni bila neno juu ya binadamu waliotangulia, mtu ameruka kwa makusudi au kwa woga. Mabaki ya binadamu wa aina yetu yaliyopatikana Jebel Irhoud, Moroko, na kutangazwa mwaka 2017, yana umri wa karibu miaka 300,000. Halafu tazama mada ya wanyama. Kitabu kinachoeleza kwamba ngamia ana kope ndefu na nyayo pana, kikaishia “hivyo anafaa kuishi jangwani,” kimekupa nusu ya sayansi. Nusu nyingine ni amefikaje hapo.

Ukimaliza hayo nenda kwenye kiongozi cha mwalimu, hasa dibaji, kwa sababu kitabu cha mtoto mara nyingi ni safi na dibaji ndiyo inayosema shabaha. Ukikuta maneno kama “mtazamo wa ulimwengu” au “kujenga moyo wa mtoto” yanajirudia, endelea kusoma kwa makini. Angalia na sentensi za kunakili kwenye mwandiko: mwandishi huzidharau, huzijaza chochote alichonacho kichwani, na ndimo aya za dini zinamoingilia. Hilo la hesabu unalolilalamikia nami nimeliona, mafumbo ya kuhesabu wanyama wa safina. Mtoto hadhuriki na safina. Tatizo ni kwamba ulilipia hesabu.

Usije ukaelewa kwamba mtaala wa namna hii unanyamaza kuhusu dini. Ule wa Core Knowledge nilioutaja una mada ya darasa la kwanza juu ya Uyahudi, Ukristo na Uislamu, na nauhesabu kuwa wa kisekula bila wasiwasi. Huwezi kumweleza mtoto piramidi, misikiti, makanisa ya mwambani au sikukuu za majirani ukiwa umeifuta dini duniani. Tofauti utaiona kwenye sarufi. Kitabu cha kisekula kitaandika “Waislamu wanaamini kwamba” na “Wakristo wanaamini kwamba”; kitabu cha dini kitaondoa hilo neno wanaamini, kwa dini yake peke yake, na kuliacha kwa za wengine. Soma kurasa mbili ukitafuta neno hilo na utajua uko mikononi mwa nani. Na kwa kuwa nyinyi dini mnamfundisha wenyewe, kitabu kinachosema “wanaamini” kinakuachia nafasi ya kusema “na sisi tunaamini” kwa sauti yako.

Kuna majina makubwa yanayopita kama ya kisekula wakati asili yake sivyo. Utasikia sana Waldorf. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919 kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, chini ya Rudolf Steiner, na misingi yake ni falsafa ya kiroho aliyoiita anthroposofia. Haina kanisa wala msikiti, lakini ina mafundisho yake kuhusu roho na hatua za makuzi, ndiyo maana huchelewesha kusoma mpaka karibu miaka saba. Kwako inagonga mwamba mara mbili: si ya kisekula kwa maana unayoitaka, na itamwambia mtoto anayesoma asisome. Nyimbo zake, ufumaji na kazi za mikono ni nzuri sana kwa vidole vyake, chukua hizo. Kwa upande mwingine Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza, alikuwa Mkristo wa dhati na vifurushi vingi vyenye jina lake ni vya dini, lakini mbinu zake mbili hazihitaji imani yoyote: masomo mafupi, na kumtaka mtoto asimulie alichosikia badala ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kusimulia kumetungwa kana kwamba kwa ajili ya mtoto ambaye kinywa kimeutangulia mkono. Tena yeye mwenyewe alitaka masomo rasmi yaanze miaka sita, kabla ya hapo mtoto awe nje.

Na mimi nakubaliana naye kwenye hilo kuliko wazazi wengi wanavyopenda. Kwa miaka minne na nusu, masomo ya kukaa mezani yasipite nusu saa kwa siku, tena kwa vipande. Hesabu dakika kumi, mwandiko tano, mada ya maarifa kumi na tano. Kusomewa hakuna kikomo, wala hakuhesabiki kuwa somo. Usiache kumsomea kwa kuwa anajisomea. Masikio yake yanaweza kubeba hadithi nzito kuliko macho yake kwa miaka mingi ijayo, na hapo ndipo anapookota sentensi ndefu na maneno ambayo vitabu vyake mwenyewe havina. Akikataa kusoma siku mbili tatu, mwache. Akitaka kusoma kitabu kilekile mara kumi, mwache pia.

Sheria nadhani mmeshaiangalia. Kama bado, iangalieni leo, maana Ujerumani kwa mfano hairuhusu kabisa kusomesha nyumbani badala ya shule, na nchi nyingine zinaruhusu kwa kujiandikisha au kwa ukaguzi. Umri wa lazima kuanza shule nao hutofautiana, kwa hiyo inawezekana mwaka huu mko huru kabisa na mwakani mnahitaji karatasi.

Kama mwanzo, ningefanya hivi: wiki hii mpime, wiki ijayo pakua mada mbili za maarifa, moja ya wanyama na moja ya anga, uone ipi anaiuliza maswali, nunua kitabu kimoja cha hesabu kwa kiwango kilichoonekana kwenye mtihani, usinunue cha mwaka mzima kwa mkupuo. Hivyo vingine visubiri miezi mitatu. Vifurushi vikubwa vina tabia ya kuonekana vya lazima usiku, mtoto akiwa amelala na mzazi ana wasiwasi.

Akitimiza saba na mkaamua kumpeleka shule, mwalimu atakayempokea hatajali mlitumia mtaala wa nani. Atataka kujua pa kumweka. Mpelekee orodha ya vitabu alivyosoma mwaka wa mwisho, kurasa chache za mwandiko wake wa vipindi tofauti, hadithi mbili alizotunga kwa kinywa ukaziandika wewe, na sura aliyofikia kwenye hesabu. Karatasi hizo anza kuzitunza sasa, na kila moja iandike tarehe nyuma siku hiyo hiyo.